Kurekebisha hati ya madai: ushauri kwa mawakili wanaoanza kazi Mwanza

Ombi la kurekebisha hati ya madai, yaani maandishi ambayo mdai hufungulia shauri lake, ni miongoni mwa maombi ya mwanzo kabisa ambayo wakili mpya hujikuta akiyatoa mahakamani, na mara nyingi huyatoa pasipo maandalizi, kwa kuwa kasoro yenyewe ameiona asubuhi hiyo hiyo akipitia jalada kwenye benchi la nje akisubiri shauri liitwe. Haya ninayoyaandika yametokana na kazi ya uwakili hapa Mwanza, katika Mahakama za Wilaya za Nyamagana na Ilemela, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, na ninayaelekeza kwa wadogo zetu katika fani ambao wameapishwa karibuni, wanaoijua kanuni kwa kuisoma lakini hawajaizoea mbele ya hakimu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya VI, Kanuni ya 17, inaipa mahakama mamlaka ya kumruhusu mdai au mdaiwa, katika hatua yoyote ya shauri, kubadili au kurekebisha hati zake kwa namna na kwa masharti yatakayoonekana kuwa ya haki, na inaelekeza kwamba yafanyike marekebisho yote yanayohitajika ili kuamua maswali halisi yanayobishaniwa. Mawakili wapya hushika maneno "hatua yoyote" na kuyarudia kwa sauti kubwa. Hakimu hushika maneno ya mwishoni, yaani maswali halisi yanayobishaniwa, na ombi lako litasimama au litaanguka kwa kadiri utakavyoweza kumwonyesha ni swali gani halisi ambalo haliwezi kuamuliwa vizuri kwa hati ilivyo sasa. Isomeni kanuni hiyo pamoja na Kanuni ya 7 ya Amri hiyo hiyo, inayokataza kuleta msingi mpya wa madai, au maelezo yanayopingana na yale ya awali, isipokuwa kwa njia ya marekebisho. Wakili anayejaribu kupenyeza jambo jipya kupitia majibu ya utetezi wa mdaiwa, akitumaini kuwa hakuna atakayeona, hukwama kwenye Kanuni hiyo ya 7.

Uzito wa jambo hili unatokana na ukweli kwamba wadaawa, yaani mdai na mdaiwa, hufungwa na hati zao. Shahidi wako anaweza kueleza mambo ya kweli tupu kizimbani, na bado ushahidi wake ukawekwa kando kwa sababu aliyoyasema hayakudaiwa popote katika hati ya madai.

Chukulieni mfano huu wa kubuni. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba anamdai mnunuzi wa Kahama bei ya mzigo aliomkopesha. Aya ya sita ya hati ya madai inasema kuwa mdaiwa alikabidhiwa magunia 440 kwa bei ya shilingi 150,000 kwa gunia, jumla shilingi 66,000,000. Hati za makabidhiano zilizoambatishwa ni tatu, na zinaonyesha magunia 150, 140 na 130, ambayo ni magunia 420 na shilingi 63,000,000. Wakili asiye na uzoefu ataomba kurekebisha aya ya sita, atapewa ruhusa, ataibadilisha aya hiyo peke yake, na atakuwa amezalisha kasoro mpya badala ya kuiondoa ile ya zamani, kwa sababu kiasi kile cha fedha kinakaa pia katika aya inayoeleza thamani ya madai na mamlaka ya mahakama, kinakaa katika nafuu zinazoombwa mwishoni, na riba inayodaiwa imekokotolewa kutokana nacho. Kabla ya kusimama kuomba, pitieni hati nzima mkiwa na kalamu mkononi na kuweka alama kila mahali kiasi hicho kinapotajwa. Kuna pia barua ya madai ambayo mteja alimpelekea mdaiwa kabla ya kufungua shauri, ikitaja shilingi 66,000,000. Hiyo ni kielelezo, haigusiki. Dawa yake ni kuongeza sentensi moja katika hati iliyorekebishwa kueleza kwa nini barua inataja kiasi tofauti, ili wakili wa upande wa pili asiifanye barua hiyo kuwa silaha yake wakati wa kumhoji shahidi wenu.

Katika mfano huo huo, tuseme mteja anakumbuka kuwa kulikuwa na mzigo wa nne wa magunia 60, wenye thamani ya shilingi 9,000,000. Ukiuongeza, madai yanafika shilingi 72,000,000. Hili ni shauri la kibiashara, na kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya haisikilizi shauri la kibiashara la mali inayohamishika linalozidi shilingi 70,000,000. Marekebisho yanayoonekana kuwa ya manufaa kwa mteja yangelitoa shauri mikononi mwa mahakama ambayo tayari inalisikiliza. Na kinyume chake pia hakiwezekani: mahakama isiyo na mamlaka tangu mwanzo haiwezi kuruhusu marekebisho yatakayoipa mamlaka, kwa kuwa hata amri ya kuruhusu yenyewe inahitaji mamlaka. Kwa hiyo hesabu ya mamlaka ifanyike upya kila mara kiasi kinapobadilika.

Kuhusu mipaka ya ruhusa, mwongozo ambao bado unatajwa katika mahakama zetu ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Eastern Bakery dhidi ya Castelino, wa mwaka 1958. Kiini chake ni kwamba marekebisho yanayoombwa kabla ya usikilizwaji yaruhusiwe kwa wepesi iwapo hayatauletea upande wa pili dhuluma, na kwamba hakuna dhuluma pale ambapo usumbufu unaweza kufidiwa kwa gharama. Lakini mdai haruhusiwi kubadilisha sababu moja ya madai kwa nyingine, wala kubadilisha kitu chenyewe kinachogombaniwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye ubishi mwingi, hasa katika migogoro ya ardhi ambayo hapa Mwanza haiishi. Amri ya VII, Kanuni ya 3, inataka ardhi inayodaiwa ielezwe kwa namna inayotosha kuitambua. Ikiwa mteja wenu anadai kiwanja kilichopo Buhongwa, hati imetaja mtaa na majirani wanaopakana nacho kwa usahihi, lakini namba ya kitalu imekosewa tarakimu moja, hayo ni marekebisho ya maelezo na sitegemei hakimu ayakatae. Ikiwa namba mpya inahamisha madai kwenda kiwanja kingine, chenye majirani wengine na historia nyingine ya umiliki, basi mnaomba kuleta kesi mpya ndani ya jalada la zamani. Jaribio ninalolitumia ni kujiuliza kama mdaiwa angeweza kuutumia utetezi wake wa awali, kwa sehemu kubwa, kuijibu hati mpya. Kama italazimu autupe wote na kuanza upya, ombi lina matatizo.

Ukomo wa muda nao uangaliwe kabla ya kuandika lolote. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka 6, ya ardhi miaka 12, na ya madhara yasiyotokana na mkataba miaka 3. Mdaiwa ambaye muda umekwisha kumpa kinga ana haki ya kubaki nayo, na mahakama husita sana kuruhusu marekebisho yanayoingiza dai ambalo lingefunguliwa leo lingetupwa kwa kupitwa na wakati. Kufafanua dai lililokuwemo tangu mwanzo ni jambo jingine, na hapo mnapaswa kuonyesha kwa kunukuu aya kwamba mbegu ya dai hilo ilikuwamo.

Sasa nije kwenye kosa ambalo mimi nalihesabu kuwa baya kuliko yote, nalo ni kuomba marekebisho baada ya pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa, kuwasilishwa, kwa lengo la kulikimbia pingamizi hilo. Mahakama ya Rufani imekemea mwenendo huu mara nyingi: pingamizi likishakuwa mezani linasikilizwa kwanza, na mlengwa haruhusiwi kuziba tundu wakati mwenzake amekwisha kulionyesha. Wapo mahakimu wanaolegeza, hasa baada ya lengo kuu la kutenda haki bila kubanwa na ufundi kuingizwa katika Sura ya 33 mwaka 2018, lakini msijenge kesi juu ya ulegevu wa mtu. Someni hati zenu ndani ya siku zile 21 ambazo mdaiwa anazo kuleta utetezi wake, mkizisoma kwa jicho la adui, na mwombe marekebisho kabla yeye hajaandika neno. Ofisi nyingi hufungua shauri kisha husahau jalada kabatini hadi wito wa kutajwa. Muda huo uliopotea ndio uliokuwa wa thamani kuliko wote.

Mashauri dhidi ya halmashauri yanahitaji neno la peke yake, maana wateja wengi wa Mwanza hugombana na halmashauri za jiji, manispaa au wilaya kuhusu vibanda, viwanja na bomoabomoa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni lazima aunganishwe hata pale anayeshitakiwa ni mamlaka ya serikali za mitaa, na asipounganishwa mwenendo wote unaharibika. Mtu anaweza kudhani kwamba tiba ni kuomba kumwongeza kwa marekebisho. Lakini inatakiwa kwanza notisi ya siku 90, na shauri lenyewe linapaswa kuwa Mahakama Kuu. Aliyefungua katika Mahakama ya Wilaya bila notisi hana cha kurekebisha. Anaondoa shauri, anatoa notisi na kuanza upya.

Katika namna ya kuomba, maombi ya mdomo yanakubalika kwa makosa madogo ya uchapaji, jina lililokosewa herufi au tarehe, hasa kama wakili wa upande wa pili hana kipingamizi. Kwa jambo lolote zito zaidi, leteni maombi ya maandishi yenye kiapo na muambatishe rasimu ya hati inayopendekezwa. Nimewasikia mawakili wakisema, "Mheshimiwa, tunaomba kurekebisha hati yetu ya madai," bila kutaja aya hata moja, kisha wakashangaa upande wa pili unapopinga. Hakimu hawezi kupima dhuluma katika marekebisho ambayo hajayaona. Taja aya, taja maneno yanayotoka, taja maneno yanayoingia, eleza kwa nini hayakuwamo mwanzoni, na ukubali gharama mapema kabla hujaombwa. Kingine: kiapo hakirekebishwi kama hati ya madai, kwa kuwa kiapo ni ushahidi. Kasoro katika sehemu ya uthibitisho ya kiapo inaweza kuruhusiwa kurekebishwa kwa hiari ya mahakama, ila maelezo aliyoapia mtu hayabadilishwi kwa kalamu ya wakili.

Ruhusa ikitolewa, kazi haijaisha. Kanuni ya 18 ya Amri ya VI inasema kwamba kama amri haikutaja muda, marekebisho yafanyike ndani ya siku 14 tangu tarehe ya amri, na muda ukipita huwezi kurekebisha tena mpaka mahakama ikuongezee. Kwa kuwa siku hizi nyaraka zinapelekwa kwa mfumo wa kielektroniki, msingoje usiku wa siku ya mwisho mtandao uwatoe jasho. Hati mpya iandikwe wazi kuwa ni hati ya madai iliyorekebishwa na itaje tarehe ya amri iliyoiruhusu. Isainiwe na kuthibitishwa upya kwa tarehe mpya, kama zinavyotaka Kanuni za 14 na 15 za Amri hiyo. Na viambatisho vyote virudishwe, kwa sababu hati ya zamani haitegemewi tena baada ya kurekebishwa, kama ilivyoelezwa katika shauri la Kiingereza la Warner dhidi ya Sampson la mwaka 1959. Msizidi mlichoruhusiwa. Mkipewa ruhusa ya kusahihisha kiasi mkaingiza na dai la fidia ya usumbufu, mnaualika upande wa pili kuomba hati nzima ifutwe. Na mkiwa upande wa mdaiwa, ombeni palepale nafasi ya kuleta utetezi uliorekebishwa, maana utetezi wa zamani unajibu aya ambazo hazipo tena.

Hatua ya shauri nayo hupandisha bei ya ruhusa. Baada ya ratiba ya shauri kupangwa, mtahitaji kuonyesha kuwa haki inadai kuiacha ratiba hiyo. Baada ya mashahidi kuanza kusikilizwa, mtaulizwa kwa nini mlingoja mpaka upande wa pili umeona karata zenu. Baada ya hukumu hakuna hati ya kurekebisha, na kinachobaki ni kusahihisha makosa ya kiuandishi au ya hesabu yaliyomo katika hukumu au tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu.

Ombi likikataliwa, msikimbilie rufaa. Tangu marekebisho ya mwaka 2002, amri ndogo ambayo haimalizi shauri haikatiwi rufaa wala haiombewi marejeo, na kulalamikia kukataliwa huko kunasubiri rufaa dhidi ya hukumu. Njia iliyobaki, kama kasoro ni kubwa kiasi kwamba kuendelea ni kupoteza, ni kuomba kuliondoa shauri kwa ruhusa ya kufungua upya chini ya Amri ya XXIII, Kanuni ya 1. Kabla hamjasimama kuiomba ruhusa hiyo, someni Kanuni ya 2 ya Amri hiyo: ukomo wa muda utahesabiwa kana kwamba shauri la kwanza halikuwahi kufunguliwa. Kwa mteja wa dagaa ambaye mzigo wake ulikabidhiwa miaka mitano na miezi kumi iliyopita, hiyo maana yake ni kwamba hati mpya iwe imekwisha kuandikwa na kusainiwa siku ile ile mnapoomba kuiondoa ya zamani.