Jibu: promoteri hajibu na memwari ya beto inachelewa

Dada yangu wa Goma, nimekuelewa: uko masters ya génie civil (uenjenia wa ujenzi), utafiti wa memwari, kitabu cha kumaliza masomo, ni wa kwako mwenyewe, unataka kutia unga wa mawe ya volkano mu simenti lakini promoteri, mwalimu wa kukusimamia, hajibu meseji. Kwanza punguza swali. Pima tu nguvu ya beto (zege) ukitoa simenti 10, 20 na 30% na kutia unga pa nafasi yake, basi. Andika hiyo kwa ukurasa mmoja na kalenda, umufwate ku biro asinye, meseji zinasahaulika. Akiendelea kunyamaza nenda kwa mkubwa wa departema, omba mtu wa pili akusimamie, hiyo si kumushitaki.

Kitu kikubwa sasa: unga wa volkano unaleta nguvu polepole, ukivunja vipande vya beto ku siku 28 tu utasema haufai bure, kwa hiyo panga na siku 90, vipande vitatu kila mara, pamoja na vya simenti tupu vya kulinganisha, na vyote vikae mu maji. Labo uliza leo kama itakuvunjia vipande siku hizo. Mawe chukua ku kariere moja (fasi ya kuchimba mawe), usipande volkano ya Nyiragongo peke yako. Na tafadhali, mtu asijengee nyumba hiyo beto kabla enjenia hajakubali.