Sauti ile ilikuwa yangu, si ya filamu

SWALI: Shikamoo Maalim. Toleo lililopita uliandika kwa kupitia tu kwamba filamu ya The Message, ile tunayoiita Risala, "haina ubaya". Sisi vijana wa Mtanda hapa Lindi tulitaka kuionyesha usiku wa Maulidi, na projekta tumeshaazima. Ustadhi wetu amekataa katakata. Anasema Mtume (s.a.w.) amechezwa na Mzungu, ametiwa maneno mdomoni, na kwamba filamu hiyo ilimwaga damu Marekani. Baba mdogo yuko upande wa ustadhi na ametunyima uwanja wake. Naomba ulitetee neno lako au ulifute.
Kijana wa Mtanda, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Silifuti. Ila nitalirefusha, maana mstari mmoja niliouandika mbio mbio ndio uliokukosanisha na baba yako mdogo.

Tuanze na huyo Mzungu. Anayesemwa ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico aliyekulia Marekani, na aliyemcheza ni Hamza, ami yake Mtume. Mtume hakuchezwa na mtu yeyote. Filamu ni ya karibu saa tatu, na katika saa hizo zote humwoni uso wala humsikii sauti. Watu wakitaka kumsemesha wanaigeukia kamera, kwa sababu kamera ndiyo inayosimama pale ambapo angesimama yeye. Alilojibu tunalijua pale Hamza au mwingine anapolirudia. Wake zake hawaonekani, na makhalifa wanne vilevile. Ali utamjua kwa upanga wake tu, ule wenye ncha mbili.

Uvumi huu umekuzidi umri. Mwongozaji wake, Moustapha Akkad, Msyria wa Halab aliyekwenda kusomea filamu Marekani, alianza kupiga picha Morocco, akasimamishwa, akahamia Libya kumalizia. Wanazuoni wa Al-Azhar, chuo kikuu cha dini cha Misri, waliupitia mswada wake wakaukubali, kisha wakarudi nyuma. Machi 1977, filamu ilipokuwa inaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani, watu 12 wenye silaha walivamia majengo matatu Washington na kushika mateka zaidi ya 100. Mwandishi mmoja wa redio, kijana, akauawa. Kiongozi wao alikuwa na kilio chake kikubwa zaidi, kwani watoto wake walikuwa wameuawa mwaka 1973, lakini kusimamishwa kwa filamu lilikuwa miongoni mwa masharti yake. Mabalozi wa Misri, Pakistani na Irani walikwenda kukaa naye, wakamsomea Qur'ani, mateka wakaachiwa. Kwa hiyo ustadhi wako hakosei kusema damu ilimwagika. Anachosahau ni kwamba waliomwaga walikuwa wanapigana na picha waliyosimuliwa.

Sasa hili la kutiwa maneno mdomoni. Hapa nina la kuungama, na nadhani nimelikalia muda wa kutosha.

Mwaka 1993 Mikindani tulikuwa na kibanda umiza kimoja cha kuonyeshea video, banda la makuti karibu na soko. Jenereta lilifungwa kamba kwenye mnazi nje lisiibwe, na ndani televisheni ya inchi 14 ilikaa juu ya kreti la soda. Siku moja mwenye banda akapata mkanda wa Risala kutoka Dar, wa Kiingereza, ulionakiliwa mara nyingi mpaka jangwa la Makka likawa la zambarau. Akaniita nitafsiri. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na jioni nafundisha watoto chuoni, basi akaniona ndiye mwenye Kiingereza na dini kwa pamoja. Malipo yangu yalikuwa chai na maandazi mawili.

Wasiokaa vibandani hawajui kwamba mtafsiri hana ruhusa ya kunyamaza. Ukinyamaza wateja wanapiga miluzi. Mimi nikaenda vizuri na Abu Sufyan, nikaenda vizuri na Bilal. Halafu yakaanza yale maeneo ambayo watu wanaigeukia kamera. Wanaitazama, wanainamisha vichwa, muziki unapiga, na hakuna anayesema. Kile kimya kilinitisha. Nikakijaza. "Mtume anawaambia: enyi watu wangu, subirini..." Na sauti nikaibadilisha, nikaifanya nzito, ya khutuba, wala haikunijia kwamba nafanya jambo. Nilikwenda hivyo kutoka Makka, nikahama nayo mpaka Madina.

Mbele kabisa, kwenye mkeka, alikaa babu mmoja fundi wa matanga, mtu wa dhikri, mikono yote imechanikachanika kwa sindano. Tulipofika vita vya Badri akainuka. Akasimama mbele ya televisheni, kilemba kikaziba majeshi yote mawili, akaniambia taratibu: "Maalim mdogo, mwenye picha hapa pamemshinda, akapaacha wazi kwa adabu. Wewe idhini ya kupajaza umeipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa chini na kikombe changu. Sehemu iliyobaki ikaenda bila mtafsiri, na hakuna aliyepiga mluzi. Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye tangu mwanzo alikuwa akiuliza, "Yuko wapi? Mbona haji?" Akaacha kuuliza. Kamera ilipoinuka na watu wa kwenye picha wakapisha njia, babu akamswalia Mtume, na banda zima likaitikia hadi likalizidi jenereta. Watu waliolipa shilingi 50 kuja kuona mapanga, mwanangu, walikuwa wakikiswalia kioo ambacho ndani yake hapakuwa na mtu.

Lakini habari iliyotoka nje haikuwa hiyo. Wiki ile ile ilishafika Mtwara mjini kwamba Mikindani kuna mkanda ambao Mtume anasema Kiswahili. Wazee wakaja, wakauchukua mkanda bila kuutazama, banda likafungwa mwezi mzima. Mwenye banda hakunitaja. Nami sikujitaja.

Ndiyo maana mtu akiniambia filamu ile imemtia Mtume maneno mdomoni, nasikia aibu kwanza ndipo nakasirika. Akkad alikuwa na kila sababu ya kibiashara ya kumtia mtu pale katikati, kwani nani atatengeneza filamu ya saa tatu ambayo mhusika wake mkuu haonekani? Hakumtia. Na alipiga kila tukio mara mbili, kwa vikosi viwili vya waigizaji, Kiingereza na Kiarabu, ili Waarabu nao wapate yao. Mtu wa dhihaka hajipi kazi ya namna hiyo.

Sasa niwe mwadilifu. Ipo hoja moja ya ustadhi ambayo nisingeirukia, nayo ni ya masahaba. Wapo wanazuoni wengi wasiokubali sahaba yeyote aigizwe, kwa kuwa sura ya mwigizaji hubaki kichwani. Hilo ni kweli. Mimi mwenyewe nikisoma habari za Hamza leo, anayenijia ni Anthony Quinn na ndevu zake, na sijui nitamwondoaje. Kama ustadhi wako anasimama hapo, mheshimu, mna hitilafu ya kweli. Akisimama kwenye muziki, ulioandikwa na Mfaransa Maurice Jarre, muulize matarumbeta ya harusi za Lindi anayapitaje.

Upande wa pili wa mizani mimi naweka tukio moja. Wakimbizi wa Kiislamu wako mbele ya Najashi wa Uhabeshi, Jaafar anasoma habari za Maryamu, na yule mfalme Mkristo anachora mstari chini kwa fimbo, akisema tofauti yao haizidi unene wa mstari ule. Pale Mikindani tulikuwa na jirani Mmakonde, Mkatoliki wa Ndanda, aliyekuja kwa ajili ya vita. Huyu ndiye aliyeomba mkanda urudishwe nyuma, na mwenye banda, ambaye hakuwa na desturi ya kurudisha kwa sababu deki ilikuwa inatafuna, akaurudisha.

Akkad hakuishi kuona watu wakitulia. Alikufa Novemba 2005 baada ya milipuko ya mahoteli ya Amman, yeye na binti yake. Na Saudia, ambako wakubwa wa dini waliipinga tangu mwanzo, iliionyesha kwenye majumba yake ya sinema mwaka 2018.

Basi fanya hivi. Nenda kwa baba mdogo mchana, peke yako, bila projekta. Mwombe nusu saa tu, yeye na ustadhi, waitazame ile ya Kiarabu, ambayo Hamza ni Abdullah Gaith, Mmisri. Ustadhi anajua Kiarabu, hatahitaji mtu kati. Wasipokubali, uwanja ni wake, tafuteni mwingine au acheni, Maulidi yenu hayatapungua kitu. Wakikubali, watoto wadogo walale kabla ya vita vya Uhudi, maana Hindi, mke wa Abu Sufyan, anatafuna ini la Hamza na filamu haifichi.

Na mtafsiri wenu mwambieni mapema: kamera ikigeukiwa, anyamaze. Akishindwa, mpeni andazi alishike mdomoni mpaka papite.