Kwa mnaoanza kusoma kesi za kashfa za zamani

Wengi wenu mtaingia katika historia ya mitazamo kuhusu ushoga kupitia kesi ya Oscar Wilde, mwandishi wa tamthilia kutoka Ireland, na si vibaya. Ila msianzie siku aliyohukumiwa miaka miwili ya kazi ngumu, Mei 25, 1895. Rudini miaka kumi nyuma. Kifungu kilichomfunga, cha “uchafu uliokithiri” kati ya wanaume, kilichochomekwa bungeni usiku na mbunge Henry Labouchere mwaka 1885, ndani ya muswada wa kuwalinda wasichana, wakati Uingereza nzima ikitokota kwa habari za gazeti la Pall Mall Gazette kuhusu biashara ya watoto. Yaani sheria yenyewe ilipitia mlango uliofunguliwa na kashfa isiyohusu mashoga hata kidogo.

Kila mkifungua jalada, ulizeni nani alikwenda mahakamani kwanza. Wilde ndiye aliyemshtaki Marquess wa Queensberry, baba wa mpenzi wake, kwa kumchafulia jina. Kufikia siku ya tatu kesi ilikuwa imemgeukia. Wekeni kando yake kashfa ya mtaa wa Cleveland, London, ya 1889. Polisi walikuwa wanatafuta mwizi wa fedha katika ofisi ya posta, wakamkuta kijana mpeleka telegramu ana shilingi 14 asizoweza kuzipata kwa mshahara wake. Uzi huo ukawafikisha kwenye danguro la vijana wa kiume lenye wateja wenye vyeo. Mmoja wa wateja hao, Lord Arthur Somerset, akakimbilia ng'ambo, hakusimama kizimbani kamwe. Aliyepata kifungo kirefu zaidi ni mhariri Ernest Parke, kwa kumtaja gazetini Earl wa Euston kuwa miongoni mwa wateja! Mimi naona kesi hii inafundisha zaidi kuliko ya Wilde, ingawa haina maneno matamu.

Magazeti ya enzi hizo yasomeni kwa subira: kosa lenyewe halitajwi, linazungukwa tu.

Wala msidhani kashfa hukaza kamba siku zote. Mwaka 1954 Lord Montagu na wenzake wawili walifungwa kwa makosa ya ushoga, kwa ushahidi wa wanajeshi walioahidiwa kutoshtakiwa, na wengi wakawaona polisi wamevuka mpaka. Mwaka uleule ikaundwa kamati ya Wolfenden, ya serikali, kuchunguza sheria za ushoga na ukahaba. Ripoti ikatoka 1957, na sheria ikalegezwa England na Wales 1967.

Anayeandika kuhusu Kenya asome kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu sambamba na cha Labouchere. Maneno “hadharani au faraghani” yamo kote kuwili, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019.