Karanga: chambua kabla hujasaga

Nauza karanga sokoni Busia, upande wetu wa Uganda. Wateja huanza na bei. Mimi ningeanza na ukungu.

Karanga na mahindi yasipokauka vizuri huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo ikifika kwenye ini inageuka na kunata kwenye DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, na hapo huweza kuharibu jeni inayotengeneza protini iitwayo p53. Kazi ya p53 ni kuikagua seli kabla haijagawanyika: DNA ikiwa na hitilafu, seli husimamishwa ikarabatiwe, ikishindikana, huamriwa ife. Protini hii ni mnyororo wa vipande 393 viitwavyo asidi amino. Aflatoksini ikibadilisha ile ya 249 tu, arginini ikawa serini, breki zimekatika. Mwaka 1991 watafiti waliikuta alama hiyohiyo kwenye saratani za ini za wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika.

Kuna wanaoniambia, "Mama, si tutachemsha?" Chemsha mpaka jioni, sumu itabaki mchuzini, moto wa jikoni hauiwezi. Kazi iko kwenye ungo. Mwaga karanga zilizomenywa penye mwanga, toa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye madoa. Pasua chache katikati: ukikuta vumbi la kijani, gunia hilo lina shida. Ikiwa chungu mdomoni, tema. Na zile mbovu usiwatupie kuku, nao zinawadhuru.

Karanga iliyosagwa tayari siinunui kama simjui msagaji. Mbovu zikishapita kwenye mashine, nani atazitambua? Bora ununue nzima, uchambue, upeleke mwenyewe.

Kama unalima, anika kwenye turubai, si kwenye udongo, na magunia yakae juu ya mbao. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu hii. Sisi wa mpakani tunaikumbuka vizuri. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na jicho halipimi hilo, kwa hiyo mwenye mzigo mkubwa aupeleke maabara.

Jambo jingine, pima homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo vikikutana na aflatoksini, hatari ya saratani ya ini hupanda mno kuliko kila kimoja peke yake. Watoto wachanga Uganda wanachanjwa tangu 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo tupime, na asiye navyo aombe chanjo.