Kujitolea kwa mgombea asiye na mtandao: ya kujua kabla hujavaa fulana

Uchaguzi ukikaribia, vijana wengi wa Moshi na Arusha husema wanataka kumpigia kampeni mgombea binafsi, yaani asiye na chama. Nia ni njema, lakini sheria ya nchi yetu bado haimtambui mtu huyo. Katiba, ibara ya 39 kwa Rais na ya 67 kwa mbunge, inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama, na diwani naye anabanwa hivyo hivyo na sheria ya uchaguzi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania sana hoja hii: alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba, akashinda tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010 ikisema hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa Arusha, ilisema katazo hilo linakiuka haki. Sheria za uchaguzi za mwaka 2024 hazikulifungua lango.

Tunalieleza hili mapema kwa sababu vijana husoma mtandaoni maelekezo ya Kenya, ng'ambo tu ya Namanga, ambako mgombea huru yupo kikatiba: anayetaka uwakilishi wa wadi anatafuta wapiga kura 500 wa kumuunga mkono, wa ubunge 1,000. Hapa ukikusanya sahihi za namna hiyo unajichosha bure.

Kinachotokea kwetu ni hiki: mtu anayekubalika mtaani anapata tiketi ya chama kidogo. Chama kinampa barua na muhuri, basi. Hakuna mabalozi, hakuna ofisi ya kata, hakuna gari. Huyo ndiye mgombea asiye na mtandao wa watu tunayemzungumzia, na tuchukulie ni wa udiwani, kwa sababu hapo ndipo watu kumi na wawili wanaojitolea wanaweza kugeuza matokeo. Kwa ubunge mnahitaji jeshi.

Kazi yenu kubwa ni majina na karatasi. Kelele za spika zina nafasi yake, ila mgombea wa aina hii akishindwa huwa ameshindwa kwenye fomu, au kwenye kituo kisicho na wakala wa kumlindia kura.

Fomu ya uteuzi

Fomu ya udiwani ni Namba 8C. Chukueni mapema na mtoe nakala tatu za kuandikia majaribio. Wawili wakae mezani: mmoja asome kwa sauti, mwingine afuatishe kwa kidole. Angalieni jina kwanza. Kama daftari la wapiga kura linasema "Emanuel" kwa m moja, fomu iseme hivyo hivyo, hata kama cheti cha ubatizo kina mbili. Msifupishe jina la kati, na msiache nafasi wazi; pasipohusika pigeni mstari au andikeni "haihusiki" kadiri maelekezo yanavyotaka. Sahihi ya mgombea iwe ile ile kila ukurasa. Muhuri wa chama usizibe maandishi.

Wadhamini, yaani wapiga kura wanaosaini fomu kumuunga mkono mgombea, ndio mtego wa pili. Idadi inayotakiwa imeandikwa kwenye fomu. Ninyi tafuteni angalau nusu zaidi, kisha mchague walio safi. Kila mmoja aje na kadi yake ya mpiga kura mkononi, namba inakiliwe kutoka kwenye kadi, isitajwe kwa kichwa. Awe amejiandikisha ndani ya kata hiyo hiyo. Muulizeni waziwazi kama hajamdhamini mwingine wa nafasi hiyo, kwa sababu jina likitokea kwenye fomu mbili mmempa mpinzani pingamizi la bure. Na msimpitishie mzee fomu asaini huku anauza ndizi Mbuyuni. Mkalisheni, asome.

Siku ya uteuzi milango hufungwa saa 10:00 jioni. Anayefika saa 9:30 hana tena muda wa kurekebisha kosa. Pelekeni fomu kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi siku moja au mbili kabla aipitie, halafu siku yenyewe mrudishe asubuhi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kesho yake mtu wenu mmoja ashinde pale pale ofisini kusubiri mapingamizi, maana muda wa kujibu ni mfupi na simu za wagombea siku hiyo hazishikiki.

Daftari la nyumba kwa nyumba

Kabla ya kampeni kufunguliwa rasmi msiombe kura. Wakati huo chorani ramani: mitaa ya kata, vituo vilivyokuwepo uchaguzi uliopita, na kura alizopata mshindi. Tuseme alipata 2,400. Orodha yenu ya watu waliosema "ndiyo" inapaswa kufika 3,000 au zaidi, kwa sababu wapo watakaosafiri, watakaolala, na waliosema ndiyo ili muondoke.

Mwaka 2025 kampeni zilianza Agosti 28 hadi Oktoba 28, yaani wiki nane na ushee. Watu kumi na wawili ni jozi sita. Jozi moja, kwa dakika tano kila mlango pamoja na kutembea, inamaliza milango 30 kwa saa mbili na nusu. Mkitoka mara tatu kwa wiki ni milango 540, kwa wiki nane 4,320. Hesabu hii inawezekana mkianza wiki ya kwanza. Mkisubiri wiki ya tano "watu wachangamke", haiwezekani tena.

Jozi bora ni mtu mzima na kijana, mwanamke na mwanamume. Anayejulikana mtaani ndiye abishe hodi. Mwisho wa kampeni kwa siku ni saa 12:00 jioni, na wafanyakazi wengi wa mjini hawajafika nyumbani, kwa hiyo siku za kazi pitieni wenye maduka, mafundi na mama lishe, na Jumamosi asubuhi mwende majumbani. Jumapili subirini ibada ziishe. Ndani ya uzio wa kanisa au msikiti hapafanyiwi kampeni, hata mchungaji akiwa mjomba wa mgombea.

Kauli ya mlangoni iwe fupi. "Shikamoo mama. Naitwa fulani, naishi pale karibu na mashine ya kusaga. Tunatoka kwa fulani anayegombea udiwani. Tulitaka kusikia, hapa mtaani kinachowasumbua zaidi ni nini?" Kisha nyamaza. Anayejibu kwa dakika mbili kuhusu mtaro unaofurika mvua za vuli amekupa zaidi ya hotuba yako yote. Usibishane na mwenye kadi ya chama kingine. Mshukuru, andika alama, pita.

Ukurasa wa daftari uwe na safu tano: jina analoitwa mtaani, mtaa na alama ya nyumba, kituo alichojiandikishia, jibu, na neno moja la jambo lililomgusa. Jibu liwe tarakimu: 1 wetu, 2 anafikiria, 3 si wetu. Msiandike namba za kadi wala kupiga kadi za watu picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na hata bila sheria, mtu akiona kadi yake inapigwa picha anajua kuna mchezo.

Safu ya tatu, ile ya kituo, ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo inayoua. Moshi mjini imejaa watu wanaopanga Pasua au Njoro lakini wamejiandikisha kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Kibosho au Marangu, kwa sababu siku ya uandikishaji walikuwa nyumbani kwa wazee. Arusha ni hivyo hivyo kwa wapangaji wa Sombetini na Sakina waliotoka wilaya nyingine. Watakushangilia mkutanoni, watavaa fulana, na kura ya diwani wako hawana. Daftari la wapiga kura likiwa bado linaboreshwa, wasaidieni kuhamisha taarifa zao. Likishafungwa, waombeni wawe watu wa kazi na msiwahesabu kwenye 1.

Kila usiku mmoja wenu, huyo huyo mmoja, anahamishia kurasa kwenye jedwali moja. Mkigawana kazi hiyo, baada ya siku kumi mtakuwa na "Mama Neema" wanne msiojua yupi ni yupi. Alama za 2 zirudiwe baada ya wiki mbili, safari hii na mgombea mwenyewe.

Fedha, soda na "ya maji"

Mtaombwa. "Mmekuja mikono mitupu?" ni swali la kila siku. Takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, iliwahi kuruhusiwa kisheria, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikakaza zaidi. Sukari kilo moja, kiroba cha unga, nauli ya boda: ukitoa kwa mpiga kura umempa mpinzani kesi na TAKUKURU kazi. Jibu linalofanya kazi ni la utani na la haraka: "Mama, tukianza kununua, wenye hela watatushinda saa hii hii." Anacheka, mazungumzo yanaendelea.

Ndani ya timu, mweka hazina asiwe mgombea wala mke au mume wake. Kila kinachoingia kiandikwe, pamoja na vitu: jirani akiwaazima bajaji siku tatu, au duka likiwapa rimu mbili za karatasi, hayo ni mchango na yana thamani ya kuandikwa. Stakabadhi zipigwe picha siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ya mashine ya EFD hufifia ikikaa juani kwenye dashibodi.

Mikutano ni michache. Ratiba inapitia kwa msimamizi wa uchaguzi na polisi wanakuwa na nakala, kwa hiyo msibadilishe uwanja kwa sababu tu mmeona watu wamejaa kwingine. Spika mbili na jenereta dogo zinatosha. Mabango msibandike ukutani kwa mtu bila ruhusa, na la mpinzani msiliguse hata likiwa limening'inia nusu.

Mawakala

Hapa ndipo mgombea asiye na mtandao anapozidiwa. Kata yenye vituo 30 inataka mawakala 30 na akiba isiyopungua sita. Majina yanapitia chama, yanafika kwa msimamizi, wanaapishwa kabla ya siku ya kura. Chama kidogo huchelewesha barua kwa sababu katibu wa wilaya ni mmoja na simu yake imezima. Mtu wenu mmoja asiwe na kazi nyingine wiki hiyo ila kumfuata katibu huyo.

Mpange wakala kwenye kituo alichojiandikishia. Ukimpeleka kituo cha kata nyingine unaweza kumpotezea kura yake ya udiwani, nawe uliihesabu kwenye 1. Msichague mwenye sauti kubwa. Chagua anayeweza kukaa kimya saa kumi na nne na kuandika tarakimu zinazosomeka: mwalimu mstaafu asiye mtumishi, fundi cherehani, mhasibu wa SACCOS.

Mfuko wa wakala uandaliwe jana yake: barua na kitambulisho, kalamu mbili za wino, daftari dogo, tochi, maji lita moja na nusu, chapati mbili, mayai ya kuchemsha, ndizi, na dawa zake kama anatumia. Chakula atakachopewa na mtu asiyemjua kituoni aache. Asivae sare wala rangi ya chama.

Awe kituoni saa 12:00 asubuhi, kwa sababu kura zinaanza saa 1:00 na anatakiwa kuliona sanduku likiwa tupu kabla halijafungwa. Aandike namba za lakiri zinazofunga sanduku hapo hapo. Mchana aweke alama kwa kila anayepiga kura, mistari mitano mitano kama ya kuhesabu madebe ya mahindi. Jumla hiyo ndiyo itakayomsaidia idadi ya karatasi sandukuni ikizidi. Kituo kinafungwa saa 10:00 jioni, ila aliye kwenye foleni saa hiyo anapiga kura. Kuhesabu kunafanyika pale pale, na mawakala wengi huondoka hapo kwa uchovu au njaa. Karatasi yenye utata asiipigie kelele: aombe ionyeshwe, aeleze hoja, na pasipokubaliwa aandike malalamiko kwenye fomu inayohusika. Kukataa kusaini na kutoka nje hakubatilishi matokeo, kunakunyima nakala tu.

Fomu ya matokeo ya udiwani kituoni ni 21C. Kabla ya kusaini ajumlishe mwenyewe: kura za wagombea wote pamoja na zilizoharibika zilingane na karatasi zilizotoka sandukuni. Asitoke bila nakala.

Nje ya vituo, siku hiyo jozi zenu zinafuata orodha ya 1 tu: kuwakumbusha na kuwaelekeza kituo, bila fulana na bila kuomba kura, kwa sababu kampeni imekwisha jana. Jioni watu wawili wenye pikipiki wazungukie vituo kuchukua nakala za 21C na kuzipeleka kwa mjumlishaji mmoja, ambaye anaziandika kwa mpangilio wa namba za vituo. Msirushe jumla yenu kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayetangaza diwani ni msimamizi msaidizi wa kata, na wakala wenu wa majumuisho akae naye akiwa na nakala zote 30, afuatishe kituo kimoja kimoja kinaposomwa. Tarakimu ikipishana, aitaje hapo hapo akiwa na karatasi mkononi, kabla jumla haijasomwa.