Weka fimbo chini, kaangalie beseni

Swali la wiki lilikuwa la mama mmoja anayeishi ghorofani. Paka wake ni dume wa miaka 3, hajahasiwa, na tangu mdogo anajisaidia kwenye beseni la mchanga lililoko kibaraza cha nyuma. Mwezi huu kaanza kukojolea godoro na rundo la nguo chafu. Wamemchapa, wamemsugua pua kwenye mkojo, wamemfungia nje usiku, na bado. Anauliza: ni kiburi, au kuna namna ya kumfundisha upya?

Kiburi hakimo kabisa. Mama, somo la tabia litafuata, lakini kwanza utazame mkojo wenyewe, kwa sababu dume wa umri huo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu huku nyumba nzima ikijadili adabu yake.

Leo kaa karibu na beseni umwone akienda haja ndogo. Paka mzima huchakura kidogo, huchuchumaa, hutulia kitambo, kisha hufukia na kuondoka. Mchangani anaacha doa la unyevu lenye upana wa kiganja, na hufanya hivyo mara 2 hadi 4 kwa siku. Ukimwona anaingia na kutoka kila baada ya dakika chache, anachuchumaa muda mrefu, analia kwa sauti nzito, anajilamba sehemu za siri bila kupumzika, na mchangani hakuna kitu au kuna tone la rangi ya waridi, basi mrija wake wa mkojo huenda umeziba. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanaona anajikamua, wanadhani amekosa choo kikubwa, wanampa kijiko cha mafuta na kusubiri asubuhi. Mrija wa dume ni mrefu na hubana sana karibu na ncha, kwa hiyo ute uliochanganyika na fuwele ndogo kama chengachenga za mchanga unatosha kuuziba. Kibofu kikijaa, figo hushindwa kutoa taka, potasiamu hupanda kwenye damu, na moyo ndio unaosimama mwishoni. Kutapika na kulegea ni dalili kwamba muda umeshakwenda.

Mpapase kwa vidole vyepesi upande wa chini wa tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma. Kibofu cha paka aliyeziba ni kigumu na cha mviringo, kama chungwa. Usikiminye, kinaweza kupasuka. Mtie kwenye tenga lenye mfuniko, tandika taulo ndani, funika juu kwa khanga ili asione barabara, na uende kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Daktari atamlaza kwa dawa, ataingiza katheta, yaani mpira mwembamba wa kupitisha mkojo, kuzibua mrija, na atampa maji ya mshipa. Kazi hiyo haifanyiki nyumbani kwa dawa yoyote.

Ikiwa mkojo unatoka, ila kidogokidogo, mara nyingi, pengine na damu, tatizo ni jingine: kibofu kimevimba. Kwa paka wa chini ya miaka 10, mara nyingi hakuna bakteria ndani yake. Uvimbe huo unahusiana sana na msongo. Ndiyo maana antibayotiki za duka la dawa hupewa sifa zisizo zao. Hali hii mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya wiki moja, kwa hiyo paka akimaliza dozi ya siku tano anaonekana amepona, na baada ya miezi mitatu inarudi palepale. Na sasa jibu la godoro: paka huhusisha maumivu na mahali alipoyapatia. Akiumia kila akikojoa kwenye beseni, beseni ndilo analolilaumu, naye atatafuta pengine palipo laini. Godoro na nguo ni laini kuliko kitu chochote nyumbani mwenu. Ukimchapa juu ya hapo unamwongezea msongo uleule uliovimbisha kibofu.

Neno moja kuhusu maumivu. Usimpe Panadol wala kidonge chochote chenye parasetamoli, hata robo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ufizi hugeuka kahawia, uso na nyayo huvimba, pumzi hukata. Dawa ya maumivu ya paka hutoka kwa daktari, kwa uzito aliopimwa kwenye mizani.

Kuna pia mkojo wa kutia alama, na huu haufanani na huo mwingine. Dume anayetia alama husimama wima, anageuzia ukuta au pazia makalio, mkia juu ukitetemeka, anarusha kidogo, anaondoka bila kufukia. Wako anachuchumaa juu ya godoro, kwa hiyo nashuku kibofu au beseni kabla ya alama. Hata hivyo ahasiwe. Kwa kawaida hufanywa akiwa na miezi 5 au 6, lakini wa miaka 3 bado anafaa, ilimradi usitegemee mabadiliko kesho yake: homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Ule uvumi kwamba kuhasi husababisha kuziba hauna msingi mzuri. Kinachotokea ni kwamba aliyehasiwa hunenepa haraka, na unene pamoja na kukaa kutwa bila shughuli ndivyo vinavyomweka hatarini. Mpunguzie chakula kama robo baada ya upasuaji.

Daktari akishamwona, rudi kwenye beseni. Lipime. Linatakiwa kuwa na urefu wa mara moja na nusu ya paka kuanzia pua hadi shina la mkia. Mwenye sentimita 45 anahitaji karibu sentimita 68. Beseni dogo la kuogea mtoto linafaa, ukikata upande mmoja ubaki na kizingiti cha sentimita 10 hivi na kulainisha ukingo kwa msasa. Kina cha mchanga kiwe sentimita 4 au 5. Wa ufukweni una chumvi, uusuuze maji mara tatu na kuuanika juani. Wa ujenzi uuchekeche utoe kokoto. Maranda ya seremala yanafaa pia, ila uliza kwanza kama mbao zilitiwa dawa ya mchwa, na kama zilitiwa uyaache hukohuko. Pumba za mpunga ni rahisi kupatikana lakini ni nyepesi, zina vumbi, na hunasa kwenye manyoya, sizipendekezi. Ukitaka kubadili kitu, weka mabeseni mawili sambamba, la zamani na jipya, paka achague mwenyewe. Kubadili ghafla ni sababu tosha ya kuhamia kitandani.

Kanuni ya idadi ni paka wote jumlisha mmoja. Paka mmoja, mabeseni mawili, na yasikae pamoja, kwa sababu mawili yaliyobanana kwake ni kama moja. Kibaraza chako mama nakitilia shaka: je, paka wa mtaani hupanda hapo? Mlango hufungwa usiku? Mvua hupiga? Lolote kati ya hayo linatosha kumfanya alikwepe beseni. Beseni la pili liweke ndani, kwenye kona tulivu, mbali na chakula na mbali na mashine ya kufulia.

Chota uchafu asubuhi na jioni. Mbali na harufu, kuna sababu ya kiafya kwa watu: vijidudu vya tokso (toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni) kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kinachotolewa kila siku hakipati nafasi. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, au avae glavu. Mara moja kwa wiki mwaga mchanga wote, osha beseni kwa maji moto na sabuni ya kawaida. Ile dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, usiitumie kwenye vyombo vya paka. Kemikali zake za jamii ya fenoli humdhuru anapojilamba nyayo.

Godoro nalo lisafishwe kwa akili, kwa sababu harufu usiyoisikia wewe yeye anaisikia. Changanya sehemu 1 ya sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ile inayotangazwa kwa kuondoa madoa ya damu na mchuzi, na sehemu 9 za maji vuguvugu. Lowesha mpaka ifike kina ambacho mkojo ulifika, acha kama robo saa, kamua kwa taulo, suuza, anika juani hadi likauke kabisa. Dawa ya klorini usiimwagie mkojo: vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Kisha funika godoro kwa mpira na ufunge mlango wa chumba kwa wiki mbili tatu.

Maji ndiyo dawa rahisi kuliko zote kwa kibofu. Paka anahitaji karibu mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, yakiwemo yaliyo ndani ya chakula. Wa kilo 4 ni mililita 200, glasi moja ya kawaida. Chakula kikavu cha mfuko kina maji kama asilimia 10 tu, cha kopo zaidi ya asilimia 70. Ukimlisha kikavu, kiloweshe, na weka mabakuli mapana mawili matatu sehemu mbalimbali za nyumba, mbali na sahani yake. Wengi wetu tunawapa dagaa. Dagaa wakavu walowekwe, chumvi itoke, maji hayo yamwagwe, kisha wachemshwe. Samaki mbichi kila siku ni kosa, kwa sababu baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokiua. Ugali uliochovywa kwenye mchuzi ni mbaya mara mbili: unga hauna taurini, kirutubisho cha kwenye nyama ambacho moyo na macho ya paka haviwezi kukaa bila hicho, na mchuzi una kitunguu kinachovunja chembe nyekundu za damu. Nyama, maini kidogo, moyo wa ng'ombe au kuku, hivyo ndivyo chakula chake. Akigoma kula siku mbili, hasa akiwa mnene, usimwache aone njaa ashike adabu. Mafuta huhamia kwenye ini na kulilemaza.

Halafu jiulize mwezi huu nyumbani kumebadilika nini. Mgeni, mtoto mchanga, fundi anayetoboa ukuta, kitanda kilichohamishwa, paka mwingine anayemkodolea macho kupitia nondo za dirisha. Paka wa ghorofani anahitaji mahali pa kujificha (boksi la katoni lililolazwa linatosha), mahali pa juu pa kukaa, na dakika 10 za kukimbizana na kamba asubuhi na jioni. Anahitaji pia pa kunoa makucha, la sivyo atanoa kochi. Chukua gogo lenye kipenyo cha sentimita 10, urefu sentimita 90, lipigilie kwenye ubao wa sentimita 50 kwa 50 lisitikisike, uzungushie kamba ya mkonge yenye unene wa sentimita 1. Kufunika sentimita 60 za urefu wake utahitaji kama mita 20. Gogo linalotikisika analijaribu mara moja tu.

Kumfungia nje usiku mkomeshe leo. Paka wa nyumba haingwa, walisema wazee, na dume asiyehasiwa akilala nje hurudi na majipu ya kuumwa na wenzake. Kwa kuwa ameshalala huko, daktari athibitishe chanjo yake ya kichaa cha mbwa na ampe dawa ya minyoo kwa uzito. Ukiona punje kama za mchele karibu na mkundu wake, hiyo ni tegu, na huletwa na viroboto. Tibu vyote viwili. Dawa ya viroboto iwe imeandikwa ya paka. Ya mbwa yenye permethrini humtia degedege.

Akirudi kutoka kliniki, tundika kalenda karibu na beseni na kalamu yake. Kila doa la mkojo, alama moja. Kila kinyesi, msalaba. Dume aliyewahi kuziba huweza kuziba tena, zaidi siku chache za mwanzo. Ikifika saa sita mchana na tangu jana jioni hakuna alama hata moja, usingoje saa kumi. Toa tenga.