Jibu: Bagamoyo, tupanue barabara kwanza au tulete mabasi?

Mkuu, umeuliza kipi kitangulie Bagamoyo, kupanua barabara au kuleta mabasi makubwa. Mimi nasema kitangulie kutenga ardhi ya njia zenyewe.

Angalia sensa. Mkoa wa Pwani, ilipo Bagamoyo, ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakafika 2,024,947. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi! Ukipita kata za Bagamoyo kama Mapinga, Kerege hadi Zinga unawaona: nyumba mpya kila upande, na viwanja vinauzwa hata pale ambapo barabara ya mtaa haijachorwa. Mtu akishajenga, kumhamisha ni fidia, na fidia ndiyo inayomeza hela ambayo ingejenga barabara. Kwa hiyo halmashauri ichore leo njia kuu, vituo na stendi, iweke mawe ya mipaka kabla ya mafundi kufika.

Mabasi nayo yana nafasi yake. Mwendokasi, yaani mabasi ya haraka ya Dar, ilipoanza 2016, kilichoibeba ni kuwa na njia yake maalumu isiyoingiliwa na magari mengine. Basi likikaa foleni moja na malori, ukubwa wake haumsaidii abiria.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mbona kila mtu lazima aende Dar? Soko, hospitali na ajira zikiwa karibu, safari nyingi hazitakuwepo kabisa. Wapangaji wanahesabu magari tu, wakati mama anayetoka Zinga saa kumi alfajiri kufuata biashara Kariakoo hahesabiwi popote.

TANROADS wana barabara kuu, TARURA za mitaa, LATRA leseni za daladala. Wakae meza moja na ramani moja.